Kedi wa Mnyambe

Yalikuwa yamebaki mashimo manne tu, na Silvesta alikuwa akiongoza kwa mikwaju mitano. Asiyeujua mchezo wa gofu aelewe hivi: kila unapoupiga mpira unahesabiwa mkwaju mmoja, na mwenye mikwaju michache baada ya mashimo yote ndiye mshindi. Kuongoza kwa mitano huku yamebaki mashimo manne ni sawa na timu inayoongoza kwa mabao manne zikiwa zimebaki dakika kumi. Watazamaji huanza kutoka mapema ili wawahi usafiri.

Ilikuwa Nairobi, Oktoba ya mwaka 1993, siku ya nne na ya mwisho ya mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa wa ukanda huu. Zamani mchezo huo ulikuwa wa wazungu na wakubwa wa serikali. Lakini biashara zilikuwa zimefunguliwa, makampuni yalikuwa yanatafuta mahali pa kuning'iniza majina yao, na kampuni moja ya rangi ikaamua kulining'iniza lake kwenye gofu. Ndivyo Silvesta, mtoto wa mkulima wa Lupaso huko Masasi, aliyeanza kwa kubebea watu mikoba ya fimbo Dar es Salaam, kisha akawa mkata majani wa klabu hiyohiyo, alivyofikisha miaka thelathini na mitano akiwa anakula kwa kupiga mpira mdogo mweupe.

Kwenye shimo la kumi na tano kitu kilianza kumtambaa miguuni, kama siafu. Alikuwa amekumbuka kwamba anaongoza. Tangu hapo hakutaka tena kucheza, alitaka yaishe. Akausukuma mpira kabla macho hayajatulia, ukapita shimo. Akausukuma tena, ukagoma ukingoni. Mkwaju mmoja ukapotea. Cecil, kedi wake wa miaka mingi, yaani mtu wa kumbebea fimbo na kumpa shauri, alimwambia atembee polepole, lakini Silvesta alikuwa ameshafika mbali. La kumi na sita akautumbukiza mpira bwawani, ikaenda mikwaju miwili. La kumi na saba akapoteza mwingine, na Mzambia mmoja mrefu aliyekuwa akimfuata akapunguza mmoja. Wakawa sawa. Kwenye shimo la mwisho Mzambia alimaliza salama, Silvesta akabaki na mpira ulio umbali wa mkono mmoja kutoka shimoni. Akiuingiza, wanarudia. Aliukosa. Kisha, kwa haraka ileile, kama mtu anayefukuza nzi, akaukosa tena.

Mtangazaji wa redio aliwaambia wasikilizaji kwamba Mtanzania alizimika kama kibatari kilichokauka mafuta. Masasi nzima ilisikia.

Safari ya kurudi ilimchukua siku tano. Dar es Salaam Cecil alimuaga, akamwambia amepata mchezaji mwingine. Alisema akitazama viatu vyake, na Silvesta hakumlaumu, Cecil naye alikuwa na watoto. Akapanda basi la kusini peke yake, mkoba wa fimbo ukiwa juu ya keria pamoja na magodoro ya watu, akavuka Rufiji kwa kivuko, akapita Lindi, hadi akaiona milima ya mawe ya Masasi.

Mji ulikuwa kwenye pilikapilika za korosho. Mwaka ule kulikuwa na wanunuzi binafsi kila kona, kila mmoja na mizani yake na malori yake, na hata maduka yaliyokaa miaka bila sabuni yalikuwa yamejaa fulana za mitumba na redio za Dubai. Silvesta alipita stendi ameinamisha kofia. Wapakiaji wawili walikuwa wanarushiana magunia ya korosho, mmoja chini, mmoja juu ya lori. Gunia likamponyoka wa juu, likaanguka, likapasuka.

"Umeshapiga Silvesta," akasema wa chini, na wote waliokuwa pale wakacheka.

Hawakujua kwamba mwenye jina amesimama nyuma yao. Baadaye aligundua kwamba msemo ulikuwa umeenea. Mchezaji akikosa penalti, amepiga Silvesta. Mwanamke akimwaga chungu cha maharage karibu na kuepua, amepiga Silvesta. Hakukuwa na ubaya ndani yake, ni maneno tu ya mtaani, na hilo ndilo lililomuuma. Kwa adui angejua la kufanya.

Mkewe, Agnes, alikuwa anauza chai na vitumbua mtaa wa Mkuti. Alimpokea bila kuuliza maswali, akampashia maji ya kuoga. Lakini ilipopita Krismasi, na mvua zikaja zikaenda, akaanza kuchoka. Mumewe alikuwa hakai. Alianza kujenga choo kipya, ukuta ukafika magotini akauacha. Akaenda Lupaso kupalilia mikorosho ya baba yake, akapalilia mistari mitatu, akarudi mjini kwa miguu jua la saa nane, bila sababu. Akala amesimama. Akiketi, mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika hadi vikombe mezani vikalia. Mkoba wa fimbo aliusimamisha nyuma ya mlango na hakuugusa, ila kila alipopita aliutazama kama mtu anayemkwepa mdai.

Mwezi Juni ilikuja barua posta. Mashindano ya mwaka huo yangefanyika Septemba, kwenye uwanja mmoja ulio kando ya mashamba ya kahawa nje ya Moshi, na yeye kama mshindi wa pili alikuwa amealikwa. Silvesta aliikunja akaitia mfuko wa shati. Siku ya tatu Agnes akaikuta alipokuwa anafua.

"Baba Ida, nenda," alimwambia, akiikung'uta barua maji. "Ukishindwa utarudi. Tumeshajua namna ya kukupokea. Lakini hivi unavyozunguka humu ndani, siwezi tena."

Kesho yake asubuhi Silvesta aliuchukua mkoba, akasema anakwenda Newala kumwamkia dada yake. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwamba pale Newala mjini, uwanda wa juu unapokatika ghafla, kuna genge kubwa watu wanaloliita Shimo la Mungu. Ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma hadi Msumbiji. Alikuwa ameamua kuzitupa fimbo zake humo, zote kumi na nne, na mipira yake, arudi Masasi akiwa mtu wa kawaida.

Alianzia kijiji cha Mnyambe, hukohuko Newala, kwa dada yake. Theodora alikuwa amemzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, ndiye aliyembeba Silvesta mgongoni akimtwangia uji. Mwenyewe akiwa msichana wa miaka kumi na mbili alianguka kutoka kwenye mkorosho, mguu wa kushoto ukavunjika na ukaunga vibaya, na tangu hapo alitembea kwa kuchechemea, bega moja likishuka kila hatua. Hiyo haikumzuia kuolewa Mnyambe, kumzaa Esther, kumzika mume, wala kulima. Watu walimwita Mama Esther, na wengi hawakukumbuka tena kwamba ana jina jingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliutazama mkoba. "Umeniletea kuni?"

Silvesta alicheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Alikusudia kulala siku moja, akakaa tano. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika wiki ya tatu, pampu ya bondeni imeharibika kama kawaida, na Mama Esther alikuwa anateremka kila alfajiri hadi chemchemi iliyo chini ya uwanda, kisha anapanda na ndoo kichwani. Silvesta akasema atakwenda naye. Siku ya kwanza aliteremka mbio, akajaza ndoo yake, akapanda mbio, na kila kona alilazimika kusimama kumsubiri, kwa sababu njia ilikuwa na matawi mengi naye ameisahau. Dada yake alikuja taratibu, bega likishuka, bega likipanda, ndoo imetulia kama imepigiwa msumari. Hakuongeza mwendo hata kidogo. Silvesta alipomwambia wafanye haraka kabla ya jua, alimuuliza jua litawafanya nini. Nyumbani, ndoo ya Silvesta ilikuwa nusu.

Siku ya tano walikwenda Newala mjini pamoja, dada akiwa na mbaazi za kuuza. Walipomaliza sokoni Silvesta akamwambia amsubiri kidogo, ana kazi upande wa genge. Mama Esther hakusubiri. Alimfuata nyuma polepole hadi ukingoni, akamkuta amesimama na mkoba miguuni, upepo wa bondeni ukimpigapiga shati.

"Unataka kuzitupa," alisema.

Silvesta aliendelea kutazama bonde.

"Sawa, ni zako. Lakini nipigie kwanza nione. Mwaka mzima naambiwa mdogo wangu kaugua ugonjwa wa mpira, na huo mpira wenyewe sijawahi kuuona."

Akaona haya kukataa. Akatoa fimbo ndefu, akaweka mpira juu ya majani, akapiga. Mpira ulipinda kulia, ukapotelea vichakani. Akaweka wa pili upesi, ukapinda zaidi. Wa tatu ukakimbilia chini kama panya. Watu wa sokoni walikuwa wameanza kusogea kutazama, na siafu walikuwa wamemfika magotini. Akashika wa nne.

"Ngoja nikae," dada yake akasema.

Kukaa kwa Mama Esther kulikuwa ni shughuli. Aliuweka ungo wa mbaazi chini, akashika jiwe, akaunyoosha mguu mbovu mbele, akajishusha kidogokidogo kwa mguu mzima, akaiweka kanga vizuri. Silvesta alimwangalia mwanzo hadi mwisho kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya. Alipomwona ametulia, akaugeukia mpira na kuupiga. Ulitoka na sauti kavu, ukapanda, ukaenda moja kwa moja juu ya bonde, ukawa nukta, na watu wakakaa kimya wakisubiri uanguke. Hawakuuona ukianguka.

"Mwingine," akasema dada.

Akapiga mwingine, na mwingine, na yote ilinyooka. Mipira ilipokwisha, watu wakatawanyika wakibishana kama imevuka mpaka. Silvesta aliketi karibu naye, na ndipo akamweleza habari zote za Nairobi, shimo kwa shimo, jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote. Mama Esther alisikiliza akichambua mbaazi zilizobaki.

"Tangu ukiwa mdogo hukuweza kungoja uji upoe," alisema mwishoni. "Ulikuwa unaungua kila siku na kila siku unarudia. Kule ulikuwa unapiga ili yaishe. Hata hapa, ile mitatu ya kwanza, ulikuwa unapiga ili nisikuone."

Silvesta alitoa barua mfukoni. Akamwambia hata akitaka kwenda, kedi wake amemwacha, na kedi wa kuokota siku ya mashindano ni balaa.

"Kedi anafanya nini?"

"Anabeba huu mkoba. Anatembea nami siku nne."

Mama Esther aliunyanyua mkoba, akaupima uzito, akaurudisha chini. Ndoo ya maji ilikuwa nzito zaidi. "Kubeba tu?" akauliza.

Wakasafiri mwezi Septemba, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Esther kuvuka Lindi. Moshi alilalamikia baridi, akasifia migomba. Katibu wa mashindano, bwana mmoja mpole mwenye tai, alishtuka alipoona jina kwenye fomu na akashtuka zaidi alipomwona mwenye jina. Alisema hajawahi kuona kedi mwanamke, tena mwenye hitilafu ya mguu. Mama Esther alimwamkia kwa adabu zote, akakunja kanga, akaifanya kata, akaiweka kichwani, kisha akaulaza mkoba juu yake kama mzigo wa kuni na kuuachia mikono. Mkoba ukakaa. Katibu akafungua kitabu cha sheria, akasoma kurasa kadhaa, na hakuona mahali palipoandikwa mkoba ubebwe na kiungo kipi.

Siku ya kwanza watu walicheka. Makedi wengine walimwita Mama Kuni. Siku ya pili kicheko kikapungua, maana Silvesta alikuwa wa tatu. Siku ya tatu akashika uongozi, na waandishi wa habari wakaanza kumpiga picha yule mama wa kusini na fimbo zake kichwani.

Mwenyewe Silvesta hakuwa na raha hata chembe. Alikuwa anatembea hatua ndefu kama kawaida yake, anafika kwenye mpira, anageuka, na fimbo ziko nyuma mwendo wa dakika mbili, zinakuja kwa bega kushuka na bega kupanda. Hana cha kushika. Anasimama mikono mitupu mbele ya watu. Anang'oa majani. Anahesabu migomba ng'ambo ya uzio. Hasira zinampanda, zinashuka, na dada anafika, anajitua mzigo, anamuuliza anataka ipi. Hapo anapiga. Kila shimo ikawa hivyo, na kila shimo aliapa moyoni kwamba lijalo atamwambia. Hakumwambia, kwa sababu mpira ulikuwa unakwenda.

Siku ya nne aliongozana na Mzambia yuleyule. Baada ya mashimo kumi na manne Silvesta alikuwa mbele kwa mikwaju mitatu, na watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Kwenye la kumi na tano siafu walirudi. Aliwahisi wakianzia vifundoni. Alivuka salama, lakini wakati wanaelekea la kumi na sita mwamuzi, mzee aliyevaa kofia pana, alimsogelea akionyesha saa. Alimwambia kedi wake anachelewesha mchezo, na wakiendelea hivyo atamwongezea mkwaju mmoja wa adhabu.

Ikawa kama amemwagiwa maji ya moto. Silvesta alirudi nyuma, akauchukua mkoba kutoka kichwani kwa dada yake bila kusema neno, akautia begani, akaenda nao mbio. Alifika kwenye mpira, akachomoa fimbo ya kwanza iliyomjia mkononi, akapiga. Ukaenda kwenye miti. Akaufuata mbio, akaupiga humohumo mitini, ukagonga shina ukamrudia miguuni. Alipotoka kwenye shimo lile mikwaju miwili ilikuwa imepotea, na alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbizwa na nyuki. Baadhi ya watazamaji walikuwapo Nairobi mwaka uliopita.

Mama Esther alimkuta amesimama pembeni, mkoba umelala majanini, fimbo nusu zimemwagika. Alipiga goti kwa shida, akazirudisha moja moja.

"Umeninyang'anya kazi yangu," alisema taratibu, kwa Kimakua, ili wengine wasisikie. "Nimetoka Mnyambe kuja kubeba. Huyo mzee wa saa, acha aniandike mimi."

"Dada, atanipa adhabu."

"Basi akupe. Mmoja wake na miwili uliyojipa mwenyewe, ipi mingi?"

Silvesta alimsaidia kuupandisha mkoba kwenye kata. Wakaenda la kumi na saba kwa mwendo wa Mama Esther, yeye akitembea ubavuni, akijilazimisha, kila hatua ikimuwasha. Mwamuzi alitazama saa yake, akaandika kitu kwenye karatasi. Silvesta alimaliza shimo lile kama inavyotakiwa. Mzambia akapunguza mmoja. Wakawa sawa, limebaki shimo moja.

Kwenye la kumi na nane wote wawili walianza vizuri. Mkwaju wa pili wa Mzambia ulianguka kwenye shimo la mchanga karibu na griini, yale majani mafupi kama zulia yanayozunguka shimo. Silvesta alisimama juu ya mpira wake na kusubiri fimbo zake zifike. Zilipofika alichukua ndogo kuliko aliyoikusudia, kwa kuwa katika kusubiri alikuwa ameona bendera ya shimoni inapepea kuelekea mbele, upepo upo mgongoni. Akapiga. Mpira ukatua griini, hatua nane kutoka shimoni.

Sasa ilibidi angoje Mzambia atoke mchangani, na Mzambia hakuwa na haraka. Aliingia, akatoka, akabadili fimbo, akaingia tena. Siafu walipanda hadi kifuani. Silvesta aliona mikono yake inataka kufanya kitu, chochote. Akageuka ili asitazame, na ndipo alipoliona goti la dada yake. Lilikuwa limevimba, kubwa kama papai, limeijaza kanga. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mkoba bado kichwani, uso umekauka.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetaka kubeba mwenyewe."

Alimtua mkoba. Akamshika kwapani, akamketisha majanini palepale pembeni ya griini, mbele ya wakubwa wote na waandishi, akaunyoosha ule mguu mbovu, akavua sweta yake akaikunja na kuiweka chini ya goti. Alikuwa bado amechuchumaa hapo, anamuuliza kama panauma zaidi ndani au nje, makofi yalipolia. Mzambia alikuwa ametoka mchangani, lakini mpira wake uligoma mbali, na baadaye ukamgharimu miwili kuuingiza. Mkwaju mmoja zaidi ya kawaida.

Mtu wa bendera alimwita Silvesta mara mbili. Akaja na fimbo ya kusukumia, akautazama mteremko mara moja, akausukuma. Kichwani bado lilikuwamo goti. Mpira ulijivuta, ukapinda kushoto, ukasimama mdomoni mwa shimo, umelala nusu ndani. Akaugusa, ukatumbukia.

Makelele yalikuwa makubwa. Mwamuzi wa kofia pana alikuja akamshika mkono, na ile karatasi yake hakuitaja, labda hakuwa ameandika adhabu, labda aliandika kitu kingine kabisa. Mzambia alimkumbatia, akamwambia kwa Kiingereza jambo ambalo kwa furaha Silvesta hakulishika. Wakati wa kikombe na hotuba, watu wa kampuni ya rangi walimtafuta kedi wapige naye picha, hawakumwona. Alikuwa ameshapelekwa zahanati kwa gari la katibu, na kata yake kichwani.

Silvesta alimkuta huko jioni, mguu umefungwa bandeji, anazungumza na muuguzi habari za migomba na namna inavyopandwa. Akamwekea kikombe kitandani. Mama Esther alikigonga kwa ukucha akasikiliza mlio.

"Ni bati?"

"Ni fedha, dada. Au wameipaka."

"Basi umeshinda," akasema, akakisogeza pembeni. "Nilikuwa naogopa, Silvesta. Ulipoupokonya ule mkoba nilijua tunarudi kama ulivyorudi mwaka jana. Nilitamani kukupiga kofi."

Wakakaa Moshi siku tatu zaidi hadi uvimbe uliposhuka. Masasi walipokelewa kwa ngoma stendi, na Agnes alikuwa amefunga biashara siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyougua malaria. Alimkumbatia wifi yake kwanza, mume baadaye. Watu waliwazunguka wakitaka kukishika kikombe, na Silvesta alikipitisha mkono kwa mkono, lakini hata hapo hakusimama mahali pamoja, alikuwa anazungukazunguka akiulizia gari la Newala la kumfikisha dada yake nyumbani.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine, ya mashindano ya Lusaka. Silvesta alipanda Mnyambe siku hiyohiyo. Alimkuta Mama Esther amekaa kwenye mkeka anabangua karanga, mguu umenyooka. Akamsomea barua yote, akamweleza kwamba wataenda kwa treni, kwamba safari hii atamtafutia kiti cha kukalia kila shimo.

Alikataa. Hakukataa kwa hasira, alisema tu kwamba goti halitaki, na mashamba yanataka kutayarishwa, na kwamba yeye amekwisha kuiona gofu. Silvesta akaomba, akasihi, akanyanyuka, akaenda hadi kwenye uzio, akarudi. Dada yake aliendelea kubangua.

"Utatembea na nani huko siyo kazi yangu kujua," alisema. "Tafuta mtu mvivu."

Alimpata mmoja Dar es Salaam, mtu mzima aliyeitwa Husseni, mzito, mwenye kupenda kusimama njiani kuwasalimia watunza bustani. Mashimo ya mwanzo Lusaka Silvesta alitamani kumpiga teke. Siku ya mwisho alikuwa wa pili hadi shimo la kumi na sita, akapoteza mkwaju mmoja kwa pupa, akasimama, akamngoja Husseni amalize kusalimia, na mashimo mawili yaliyobaki akayacheza vizuri. Alimaliza wa tatu. Jioni ile hakuweza kukaa hotelini, akazunguka mitaa ya Lusaka kwa miguu hadi posta, akamwandikia dada yake barua fupi, akaisoma upya, na kabla ya kuifunga akaongeza mstari mmoja wa kuulizia goti.